Baba Mkwe Jikoni

Kwetu milimani, mwanamume akionekana jikoni ujue kuna msiba, au mkewe amejifungua na majirani wamechelewa kufika. Nimekulia Mpepai, kwenye mahindi na kahawa, na sikumbuki hata siku moja kumwona baba yangu ameshika mwiko. Ndiyo maana nilipoolewa ufukweni, katika kijiji kimoja kusini mwa Mbamba Bay, nikamkuta baba mkwe wangu amechutama mbele ya mafiga, kisu mkononi na samaki ubaoni, nilirudi nyuma nikidhani nimekosea mlango.

Sikuwa nimekosea. Jiko lilikuwa lake. Mama mkwe alifariki kabla sijafika, na mabinti wa nyumba ile walikuwa wameolewa mbali. Lakini hata mama mkwe alipokuwa hai, niliambiwa, sufuria la samaki lilikuwa la mzee. Yeye mama alisonga ugali tu. Ujana wake wote mzee alikuwa mpishi kwenye meli iliyokuwa ikizunguka bandari za ziwa, na pale kijijini waliendelea kumwita Mpishi, wachache kwa heshima, wengi kwa kicheko. Mimi nilimwita baba, kama ada inavyotaka. Moyoni nilimwita aibu yangu.

Asiyeolewa kwetu huenda asione uzito wa jambo hili. Mke wa mtoto na baba mkwe hawapeani kitu mkono kwa mkono. Kitu huwekwa chini, mwingine akakichukua. Ukimsalimia unapiga goti. Ukipita alipokaa unainama na kushika khanga yako vizuri. Na kula mbele yake, au yeye kula mbele yako, ni jambo lisilofikiriwa kabisa. Sasa mtu huyohuyo, wa kuheshimiwa kwa umbali, ndiye aliyekuwa akinipakulia chakula, akanifunikia sahani, akaiweka kizingitini na kukohoa ili nijue iko tayari.

Siku za mwanzo nilijaribu kupika mwenyewe. Mume wangu alileta mbasa, samaki mrefu wa fedha, mzuri kuliko samaki yeyote niliyewahi kumwona. Lakini milimani samaki tuliyemjua ni dagaa mkavu anayepanda kwenye magunia, na dagaa mkavu unamchemsha mpaka akusamehe. Nikamchemsha mbasa vivyo hivyo, nikamkoroga kama maharage. Mbasa ana miiba mingi, myembamba kama nyuzi. Nyama ikavurugika, miiba ikasambaa kwenye mchuzi wote. Nikiwa jikoni niliwasikia wanaume barazani wakila bila kuzungumza, wakitema, wakila, wakitema. Hakuna aliyelalamika. Afadhali wangelalamika.

Kesho yake mzee aliingia jikoni na sufuria lake mwenyewe, lenye vishikio vilivyofungwa kwa waya. Mimi nikatoka nje haraka, nikakaa karibu na mlango nikiwa nimegeukia uwanjani, nikaanza kuchambua mchicha. Ndipo nilipomsikia akizungumza, na nikajua hakuna mtu mwingine mle ndani.

"Wewe samaki," aliliambia sufuria, "hutaki kugeuzwa. Ukigeuzwa unakasirika, unavunjika. Anayekupika atikise sufuria tu, mwiko auweke mbali."

Akanyamaza. Nikaelewa kwamba anangoja jibu, na kwamba jibu haliwezi kwenda kwake moja kwa moja. Nikauambia mchicha, "Nimesikia, baba."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Yeye akisema na sufuria, mimi nikijibu mboga, ukuta wa udongo kati yetu. Alilieleza sufuria kwamba mbasa hukatwa vipande vikubwa na huwekwa kwenye mchuzi ambao tayari umeiva, si mchuzi ukaivie juu yake. Kwamba embe bichi likikatwa vipande vyembamba likatandazwa chini, samaki anapata uchachu na hashiki sufuria. Kwamba pilipili inaingia nzima na kikonyo chake, isipasuke, maana pilipili ikipasuka kila mtu anakula pilipili na hakuna anayekula samaki. Nilikuwa mwanafunzi mwenye haya, na pengine ndiyo maana sikusahau neno.

Wanawake wenzangu walijua. Kule tulikokuwa tukifua, kwenye mawe, walinipokea kwa maneno laini yenye mwiba.

"Mwenzetu una bahati. Sisi tunawapikia wakwe, wewe mkwe anakupikia."

"Na akipakua, anakuita kula, au unakwenda tu?"

Nilicheka nao. Ukishakuwa mgeni unacheka na wanaokucheka. Kisha nilirudi nyumbani nikiwa na beseni la nguo kichwani, nikimkuta mzee amevaa aproni yake aliyoishona kwa mfuko wa unga wa ngano, anaparua magege, wale perege wa ziwani, magamba yamemrukia mpaka kwenye nyusi, nami nikatamani ardhi inimeze.

Alikuwa mtu mfupi, mikono myepesi, kucha safi kuliko za muuguzi. Asubuhi alishuka ufukweni kabla mitumbwi haijavutwa vizuri mchangani. Alifunua mashavu ya samaki, akatazama wekundu wake, akamnusa, akabonyeza tumbo kwa kidole gumba, akamrudisha. Wavuvi walichukia.

"Mpishi, huyu kavuliwa alfajiri hii."

"Wewe unasema hivyo. Ngoja nimsikilize mwenyewe."

Alikuwa na msemo wake: samaki hana siri, akioza anasema wazi, ni binadamu anayemziba mdomo kwa ndimu. Nilidhani ni maneno ya mpishi mwenye maringo. Hata ndimu zilikuwa hazikai nyumbani mwetu. Jirani aliwahi kutuletea kikapu kizima, mzee akashukuru sana, kisha akawagawia watu wote.

Alikuwa mwingi wa mambo yasiyokwenda pamoja. Mvua zilipoanza na mbasa wakapanda mitoni kutaga, aliwafokea waliotega nyavu mlangoni mwa mto, akisema wanakula mbegu ya mwakani. Lakini mayai ya mbasa yakiletwa na mtu kama zawadi, aliyakaanga taratibu na kuyamaliza, huku akisema ni dhambi ya mleta, si ya mlaji. Alifanya kazi melini miaka yote ile na hakujua kuogelea. Hakupanda mtumbwi. Alioga maji ya ndoo uani, na ziwa liko hapo, unalisikia ukiwa umelala. Mjukuu wake mmoja, mtoto wa binti yake, alipomuuliza kwa nini, alimjibu, "Ziwa nalijua likiwa ndani ya sufuria. Inanitosha."

Nyumba yetu ilikula vizuri, lazima niseme. Dagaa hakuwataka wale wa kuanikwa mchangani. Aliwanunua kwa mama mmoja mwenye vichanja, na bado aliwaosha mpaka maji yakawa meupe. Aliwakaanga bila mafuta, polepole, mpaka wakakauka na kuanza kulia kakaka chungu kizima, ndipo akawatia kwenye kisamvu chenye karanga zilizotwangwa. Ukila hicho na ugali wa muhogo, unakaa kimya. Magege aliwapasua mgongoni, si tumboni, akawabanika kwa moshi. Mama yangu alipotuma gunia la mahindi likawa na magunzi ndani, mzee aliyajaribu kwenye moto wake, na siku ile nikasikia akiliambia jiko, "Kumbe watu wa milimani wanatupa moshi mtamu namna hii." Nikaelewa kwamba ninaombwa. Tangu hapo mama alituma magunzi kila mtu alipokuwa akishuka, akishangaa tunayafanyia nini.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililonishinda kulibeba, na ndilo lililotuchafulia jina. Mzee alikula kwanza.

Namaanisha hivi: chakula kikiiva, kabla ya mgeni, kabla ya watoto, kabla ya padri wao wa Kianglikana aliyetutembelea siku moja, mzee alijipakulia kipande cha samaki kwenye kibakuli, akala palepale akiwa amesimama. Kisha akafunika sufuria, akakaa. Alikaa muda mrefu. Watu wamenawa, ugali unapoa, watoto wanalia, yeye ametulia, mkono juu ya tumbo, anatazama mbele. Baadaye ndipo aliposema, "Haya, pakueni." Na kanisani kwenye sherehe, mahali ambapo wengine walipika, hakula kabisa. Aliimba sauti nzito iliyotingisha mabenchi, kisha akarudi nyumbani na njaa yake. Watu walisema ni mroho kwake na mwenye kiburi kwa wenzake.

Mume wangu ni fundi wa injini za boti, na maneno ya ufukweni yalimfika kabla yangu. Siku moja alimkabili baba yake uani. Mimi nilikuwa ndani, nanyonyesha.

"Baba, sasa hapa nyumbani kuna mwanamke. Pumzika."

"Nikipumzika mtakula nini?"

"Tutakula atakachopika."

"Na akiuziwa kilicholala?"

"Baba, watu wananicheka."

Nilisikia kisu kikiendelea kuparua. Kisha mzee akasema, bila ukali, "Hata mimi wananicheka. Basi tumekuwa wawili."

Mume wangu aliondoka akabamiza mlango wa mabati. Usiniulize nilikuwa upande wa nani. Nilimwambia mume wangu tuhamie Mbinga mjini, na nikasema ni kwa ajili ya shule ya mtoto.

Kabla hatujahama, mama yangu alishuka kutoka Mpepai kumwona mjukuu. Alikuwa hajawahi kufika ziwani. Alikuja na mahindi mabichi, maharage, na magunzi yake, akashuka kwenye gari miguu imevimba kwa kona za mlimani. Mume wangu alikuwa amevuka kwenda Malawi kutafuta kipuri. Ziwa lilikuwa limechafuka kwa upepo wa kusini, mitumbwi imegeuzwa mchangani, na samaki hakuna. Lakini kuku walikuwepo. Jogoo mmoja mwekundu, mnene, alikuwa akipita uani mchana kutwa kama anajua tunamtafuta.

Nilikwenda kwenye ukuta wa jiko. "Baba," niliuambia ukuta, "mama hajala tangu alfajiri. Nilifikiri yule jogoo."

"Jogoo anao kwao," ukuta ukajibu. "Mtu akija ziwani anakula cha ziwani."

Nilipochungulia niliona ndoo, na ndani ya ndoo kaa wanapandiana. Alikuwa amekwenda kuwaokota mwenyewe kwenye mawe ya mdomo wa mto. Kaa, kwetu, ni chakula cha watoto wachungaji, wanaowachoma kijitoni na kula wakiwa wamejificha. Ukimpa mkwe kaa umemwambia kwamba humjui ni nani. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo mama na mimi hatukulitaja kamwe: mwaka kahawa ilipotutupa, na mahindi yakaliwa na wadudu, kaa wa kijitoni walitulisha nyumba nzima. Nilikuwa nimewakula mpaka nikawachukia, na shuleni nilikuwa nikinusa vidole vyangu mara kwa mara, nikiogopa wenzangu watajua.

Mzee hakujua hayo. Aliwapika kama anampikia askofu. Aliyatoa magando makubwa akayaweka kando. Miguu na magamba aliyatwanga kwenye kinu, akamimina maji, akachuja kwa kitambaa cheupe, akarudisha motoni ile supu ya rangi ya udongo, akaikoroga upande mmoja tu mpaka ikaanza kukatika na nyama nyororo kupanda juu kama mtindi. Akatia nyanya, kitunguu, majani machache ya giligilani, na yale magando mwishoni. Harufu ilifika mpaka barabarani. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani, na nikaona pua yake imeitambua harufu kabla macho yake hayajataka kukubali.

Kisha mzee akafanya lile jambo lake. Mbele ya mama, mbele ya mkwe wake aliyetoka mlimani na njaa, alijipakulia kibakuli, akala amesimama, akafunika sufuria, akakaa. Mama alimtazama. Alinitazama mimi. Ugali uliendelea kupoa katikati yetu. Nilihesabu magunzi kwenye gunia ili nisiinue uso.

Hatimaye akasema tupakue. Mama alinawa taratibu, akatazama bakuli, akafuta mikono yake kwenye khanga.

"Asante, mkwe. Nimeshiba."

Tulipokuwa ndani peke yetu hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kwetu mgeni ndiye anayeanza. Huyu anakula, halafu anatukodolea kuona kama tunamezea mate. Na alichotupa ni kaa. Mwanangu, nimekuoza kwa watu wa namna gani?"

Nyumba zetu za ufukweni hazina dari. Neno likipanda linaangukia chumba cha pili. Nilisikia nje kigoda kikiburutwa.

Jua lilipopungua mzee alikuja upande wetu. Aliweka kigoda chake chini ya upenu, mbali na mlango kwa heshima, akakaa akiwa amegeukia ziwani. Alivua aproni, akaikunja, akaiweka magotini. Mama alikuwa amekaa kizingitini, mimi nyuma yake gizani na mtoto.

"Mkwe," alisema, "umesema kweli. Mgeni ndiye anayeanza. Mimi nilifundishwa hivyo na mama yangu, na nimewafundisha hivyo wanangu."



"Nilipokuwa melini, siku moja samaki wa chakula cha abiria walikuwa wamelala. Barafu ilikuwa imekwisha. Niliwafunua mashavu, nikajua. Nikamwambia mkubwa wangu. Akasema wameshanunuliwa, pika. Ningeweza kukataa. Ningeweza kuwamwaga ziwani. Nilikuwa naogopa kushushwa, basi nikawapika. Nikakamua ndimu, nyingi sana, nikatia na pilipili, na wakanukia vizuri. Sikuwahi kupika kitu kikanukia vizuri hivyo."

Aligeuza aproni upande wa pili.

"Kulikuwa na mzee ametoka hospitali anarudishwa kwao. Hakuwa akila, walisema. Harufu ikampa hamu. Akala, akaomba tena, akamtuma mtu aniite ili anishukuru. Alinishika mkono. Kufika jioni watu walianza kutapika. Wengine wote walipona. Yeye hakufika kwao."

"Walikufanya nini?" mama akauliza.

"Hakuna kitu. Walisema alikuwa mgonjwa tangu mwanzo. Hakuna aliyeniuliza neno. Meli ilipotia nanga hapa Mbamba Bay nilishuka na sufuria langu, sikurudi. Tangu hapo siwezi kumpa mtu chakula ambacho hakijakaa tumboni mwangu kwanza. Kama kuna kitu, kianze na mimi. Najua kinavyoonekana. Nisamehe, mkwe. Sikutaka uondoke ukidhani umeozesha kwa mroho."

Nilimtazama mama mgongoni. Nilitarajia amwambie pole, amwambie ni mapenzi ya Mungu, maneno tunayoyatumia kufunika mambo. Hakusema hayo.

"Ulijua wamelala?"

"Nilijua."

"Na ukapika."

"Nikapika."

Mtoto akaanza kuhangaika mikononi mwangu. Kisha mama akasema, "Bado kuna wale kaa?"

Nilikwenda kuwaleta. Walikuwa wamepoa, supu imeganda ukingoni. Mama hakutaka niwapashe. Aliketi palepale kizingitini, mbele ya mkwe wake, akavunja gando kwa meno, akanyonya, akavunja jingine. Alijua kuwala. Mikono yake haikusita hata kidogo, na mimi niliyekuwa nyuma yake nilijua mikono hiyo ilijifunza wapi.

"Hawa," alisema akiwa amemtazama mzee, "nilimlea nao huyu. Mwaka mmoja mbaya. Alikuwa akiniomba nisimwambie mtu."

Mzee aliinamisha kichwa. Magamba yalilia kwenye sahani.

Ningependa kusema kwamba tangu siku ile nilimwonea fahari. Haikuwa hivyo. Kujua sababu ya jambo hakuondoi macho ya watu. Wanawake wa kwenye mawe waliendelea kunitania, na sikuweza kuwajibu, kwa sababu siri haikuwa yangu. Mzee aliendelea kula kwanza, na kila mgeni alipokuja nilijikuta natafuta kazi uani. Tulipopata nyumba ya kupanga Mbinga tulihama, na mzee hakuuliza kwa nini. Alinifungashia magege waliobanikwa, akawaweka chini karibu na mizigo yangu, akaenda zake.

Mjini nilianza kuuza chakula karibu na stendi. Madereva wanaopanda kutoka ziwani wananiletea samaki asubuhi, nami nafunua mashavu yao na wao wananichukia. Wateja wangu wengi ni watu wa milimani waliokuwa wakidhani samaki ni dagaa tu. Wakiniuliza nilijifunzia wapi kupika mbasa hivi, nasema ufukweni, na nageukia moto. Mume wangu akishuka ufukweni kwa kazi alinipelekea salamu kwa baba yake, na baba yake alinirudishia salamu na embe bichi. Kwa miaka hiyo yote tuliishi hivyo, na ilitufaa, kwa sababu umbali ni adabu nzuri kwa watu wenye haya.

Mara ya mwisho nilipomwona akiwa na fahamu zake ni hospitalini, hapahapa Mbinga. Kiharusi kilikuwa kimemshika upande wa kulia. Mume wangu alimleta kwenye kiti cha mbele cha gari la Noah, akakaa naye, kisha kazi ikamwita, akaniachia zamu ya kupeleka chakula. Nilipika magege wa supu nyepesi, na embe kidogo. Nilipiga goti kando ya kitanda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mdomo ulikuwa umevutwa upande, lakini sauti ilikuwa yake.

Niliweka bakuli kwenye kimeza, nikaweka kijiko, nikaenda kusimama dirishani, nikageukia nje ili ale. Nyuma yangu nilisikia kijiko kikigonga bakuli. Kikagonga tena. Kikaanguka. Mzee wa kitanda cha pili akaniita.

"Mama, mgonjwa wako anajimwagia."

"Najua," nikasema, na sikugeuka. Nikigeuka nitamwona, naye ataona kwamba nimemwona.

Muuguzi aliingia akasimama katikati ya vitanda. "Huyu baba hajala tangu jana. Ndugu mnaleta chakula halafu mnatazama nje?"

"Ni baba mkwe wangu," nikasema.

Alikuwa mtu wa huku, akaelewa. Uso wake ukalainika, lakini kazi yake haikubadilika. "Mkwe au si mkwe, mama, ule mkono hauinuki."

Akaenda kwa wengine. Nikageuka. Supu ilikuwa imemlowesha kifua, na mzee alikuwa amejifunika uso kwa mkono wake mzima.

"Mkwe," alisema kutoka nyuma ya mkono, "geukia kule."

"Hapana, baba."

Nilikaa ukingoni mwa kitanda, mahali ambapo sikuwahi kudhani nitakaa. Nilinawa, nikachambua miiba kwa vidole mpaka nikawa na hakika, nikachota. Aliondoa mkono usoni lakini akafumba macho, na hivyo ndivyo alivyokula, macho yamefumbwa, kama mtoto anayeamini kwamba asipoona hataonekana. Mchuzi ulipomtoka pembeni ya mdomo nilimfuta kwa ncha ya khanga yangu. Wagonjwa wengine walijifanya wamelala, Mungu awabariki. Mashavu yangu yalikuwa ya moto tangu kijiko cha kwanza hadi cha mwisho.

Bakuli lilipokwisha alikaa muda, macho bado yamefumbwa. Kisha akasema polepole, akiipigania kila silabi ya neno:

"Samaki huyu. Aliyempika amefundishwa na nani?"

Sikujua kama ugonjwa umemchanganya, au ndiyo namna yake ya kusema na mtu bila kumsemesha. Nililijibu bakuli.

"Alifundishwa ukweni kwake, baba."

Akafikiri.

"Walimtesa?"

"Hapana," nikasema. "Walimpikia."

Akafumbua macho, akanitazama usoni. Nami nikainamisha kichwa, nikaanza kuokota miiba shukani.